Vidole Kumi vya Usingizini

Nyapara alipobisha hodi Jumatatu ile mchana, Mkandaji alikuwa ametoka kumsaga mkono dakika ishirini tu zilizopita. Alimsaga ndotoni, lakini alimsaga sawasawa, vidole kwanza, kiganja baadaye, mpaka kwenye kifundo, na Nyapara alilia akamwita mama yake. Kwa hiyo Mkandaji alipofungua mlango na kumkuta mtu yuleyule amesimama kizingitini, mikono yote miwili mizima, ameshika bahasha, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa pole.

Nyapara akadhani anasimangwa. Akatazama viatu vyake, akasema pole ni ya mgonjwa mwenyewe, akaomba kama anaweza kuingia ndani mara moja, hatakaa sana.

Mkandaji aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka kumi na moja alikanda unga kwenye kiwanda cha mikate, na mwezi wa tatu ulikuwa unakatika tangu mashine ya kusukumia donge, ile yenye magogo mawili ya chuma yanayozunguka kuelekeana, imle vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ilimwachia gumba na kidole cha mwisho. Mashine ile ina wavu wa chuma mbele yake ili mkono wa mtu usifike kwenye magogo. Siku ile wavu haukuwepo. Nyapara aliuondoa wiki nzima kabla, maana ukiwepo kazi inakwenda polepole, na yeye alikuwa amemwahidi mwenye kiwanda mikate mingi kuliko uwezo. Watu kumi na wanne waliona mashine iko wazi. Walipoulizwa, wote kumi na wanne walikuwa wametazama pembeni. Mimi siwalaumu sana, kila mtu anaogopa kumwaga unga, lakini siwasifu pia.

Sasa hizo ndoto. Hospitali alilazwa jirani na mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa wa sukari, mzee wa maneno mengi. Usiku wa pili Mkandaji aliamka analia kama mtoto, na Mwalimu akamuuliza ameota nini. Akasema ameota ana vidole vyote. Mwalimu akamwambia basi yeye ana bahati ambayo wengine wanaitafuta miaka. Watu wakiota hawajui kuwa wanaota, ndiyo maana ndoto inawaburuza inavyotaka. Lakini yeye anayo alama mkononi. Akiwa macho ana vidole saba, akilala ana kumi. Akihesabu akapata kumi, ajue yuko ndotoni, na mtu akijua yuko ndotoni, ndoto ni yake.

"Kila ukipita mlango mchana, hesabu," Mwalimu alimfundisha. "Hesabu kwa kuuliza kweli, niko macho au nimelala? Usihesabu kama mtu anayesali huku anawaza chakula. Ukizoea mchana, usingizini utahesabu vilevile. Ndoto ikianza kutetemeka, sugua viganja, itatulia."

Mwalimu mwenyewe alijifunza hayo kwa sababu ya mbwa. Tangu utoto alikuwa akikimbizwa na mbwa yuleyule mweusi kila akilala, hadi siku aliyogeuka akamwambia kaa chini, na mbwa akakaa. Hakutaka zaidi ya hapo. Ila Mkandaji hakuwa na mbwa.

Ilimchukua wiki nne. Mara ya kwanza alipohesabu akapata kumi, hakufanya lolote la ajabu, alifunga vifungo vya shati. Alifunga, akafungua, akafunga tena, mpaka akaamka. Kwa kweli mkewe ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo, na binti yao wa darasa la sita ndiye aliyemfunga kamba za viatu, akiinama mbele ya watu pale nje, na yeye akitazama mbinguni kama mtu anayekagua mawingu. Mwanaume wa miaka arobaini na mbili. Mtu hafi kwa mambo hayo, lakini yanamla.

Wiki iliyofuata akamwita Nyapara. Alitambua mwenyewe jinsi ya kufanya, unageuka mgongo, unajiambia nikigeuka nitamkuta, unageuka. Akamkuta. Siku hiyo alimbebesha magunia hamsini ya unga. Kesho yake akamlisha donge bichi mpaka tumbo likavimba. Keshokutwa akamwambia avue nguo asimame mbele ya wafanyakazi wote, na wote kumi na wanne wakaangalia, safari hii hakuna aliyetazama pembeni. Halafu akamtia kwenye mashine, na tangu siku ile adhabu haikubadilika. Nyapara alibembeleza, akapiga magoti, akataja watoto, na Mkandaji alimsikiliza hadi mwisho kwa utulivu, kisha akabonyeza swichi. Utamu wake siwezi kuwaficha. Alikuwa anaamka anatabasamu.

Basi akawa analala. Alilala usiku, akaamka kunywa chai, akarudi kulala hadi adhuhuri. Akipungukiwa na usingizi anajifunika shuka gubigubi na kuutafuta. Akiwa macho alikuwa mpole kuliko alivyowahi kuwa maishani, hana neno na mtu, na majirani wakamsifu kwa moyo wake wa subira. Mkewe alikuwa msusi, alisukia wateja nje ya mlango kwenye kivuli cha bati, na ndiye aliyelisha nyumba nzima kwa vidole vyake kumi vilivyovimba viungo. Aliamini mumewe analala kwa majonzi. Wateja wakicheka kwa sauti aliwanyamazisha, mgonjwa amepumzika. Alikuwa anamtunzia usingizi kama yai.

Na kesi yake dhidi ya kiwanda, pale ofisi ya kazi, ilikuwa Alhamisi.

Nyapara alikaa kwenye kiti cha Mkandaji bila kuambiwa. Mkandaji akamwandalia chai mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, nusu ikamwagika kwenye sahani, akaomba radhi. Moyoni hakuwa na kinyongo hata chembe. Ungekuwepo ungedhani ni marafiki. Alimtazama mgeni, akaona kola ya shati imesuguka, akaona amekonda, akajiambia maskini, nimemtesa huyu. Ndivyo alivyowaza, mtu aliyekosa vidole vitatu.

Nyapara akamweleza kwamba mwenye kiwanda ni mtu wa huruma na anataka mambo yaishe kindugu. Mambo ya ofisi ya kazi ni ya kuchafuana bure. Kuna kifuta jasho ndani ya bahasha, na kuna kazi ya kufungua geti, kazi ya kukaa, haitaki mikono. Kinachotakiwa ni kuweka alama tu kwenye karatasi hii, ya kawaida, ya kiofisi. Akatoa karatasi, na mfukoni akatoa kidau cha wino wa kubonyezea dole gumba, akakifungua, akakisogeza mezani polepole.

"Gumba si lipo?" akasema. "Basi tumshukuru Mungu."

Mkandaji alikwenda shule. Mwandiko wake ulikuwa ukisifiwa, ndiye aliyekuwa akiandika majina kwenye trei za mikate. Alikitazama kidau. Katika siku za kawaida, kabla hajajua kuota, kidau kile angekirusha ukutani. Lakini mchana ule alikuwa ameshamlipiza kisasi chote, ameshiba, na mtu aliyeshiba hagombani. Akanyoosha gumba.

Msusi aliingia wakati huo kuchukua chanuo. Aliona wino kwanza, kisha gumba la mumewe juu yake, kisha Nyapara ameshikilia karatasi isipeperuke. Hakupiga kelele. Alichomoa karatasi chini ya kiganja cha Nyapara na kuanza kuisoma kwa sauti, kwa makusudi, ili mteja aliyekuwa nje na kichwa nusu kimesukwa nusu bado asikie kila neno. Ilisema kwamba mimi niliye na alama hapo chini niliondoa wavu wa mashine kwa mkono wangu mwenyewe, bila ruhusa, nikiwa nimelewa.

"Mume wangu hanywi," Msusi alimwambia Nyapara. "Wewe unajua hanywi. Ulikuwa unampa soda yake kwenye sherehe za kazini, unamcheka."

Nyapara akasema shemeji, ni maneno ya kiofisi tu hayo. Msusi akamwambia wataonana kwenye hiyo ofisi, Alhamisi saa tatu. Nyapara akainuka, akafunga kidau chake, akarudisha bahasha mfukoni, na mlangoni akawaambia watajuta. Chai hakuimaliza.

Msusi alimaliza kumsuka mteja wake kwanza, hilo lilimtosha kumfikisha saa kumi. Alikuwa akisuka na kutafuna mdomo wa chini. Mteja alilalamika anavutwa sana. Alipoondoka, Msusi akaingia ndani, akamkuta mumewe amejilaza tena, akamvuta shuka likaanguka sakafuni.

Akataka kujua amepatwa na nini. Mtu aliyemkata vidole anakuja nyumbani kwake, na yeye anampa chai, anampa gumba. Au ameanza kuchanganyikiwa. Mkandaji akaona hakuna pa kujificha, akamsimulia yote, Mwalimu, vidole kumi, magunia, donge, mashine. Alisimulia kwa aibu mwanzoni, baadaye kwa fahari kidogo, kama mtu anayeeleza ufundi wake. Msusi alimsikiliza ameshika kiuno.

"Umemuua mara ngapi?" akamuuliza.

"Sikuhesabu. Kila siku."

"Na mimi ulinipeleka hata siku moja nikaone?"

Mkandaji akaliinamia shuka pale sakafuni.

"Miezi mitatu nawanyamazisha wateja," Msusi akasema. "Nafikiri mume wangu anaumia. Kumbe mwenzangu yuko karamuni, anakula kisasi peke yake anashiba, halafu Nyapara wa kweli anakwenda kazini asubuhi ana vidole vyake kumi. Hasira yako yote umeimalizia kitandani. Mimi umeniachia nini?"

Akaanza kulia, na kulia kwenyewe kulimuudhi, akajifuta kwa kanga kwa nguvu. Kisha akatoa hukumu yake. Kuanzia saa ile mpaka Alhamisi saa tatu, hakuna kulala. Macho yake yatakaa wazi hata kwa vijiti. Anamhitaji ana hasira, na hasira inayeyuka akilala, basi hatalala.

Walicheka majirani. Jumanne nzima walimwona Mkandaji anatembezwa uani kama mgonjwa wa malaria, mkewe akisuka huku anamwangalia kwa jicho moja, kila akikaa anaambiwa asimame. Alimpa kazi za mikono, hizo alizokuwa akimfanyia siku zote. Akamwambia afunge vifungo mwenyewe. Ilimchukua nusu saa, na cha juu kilimshinda. Akamwambia aoshe vyombo, akavunja glasi mbili. Akamwambia aandike jina lake kwa mkono wa kushoto, mistari ishirini, na maandishi yakatoka kama ya mtoto wa chekechea, na mwanawe aliporudi shule akayaona mezani akauliza ni ya nani. Kufika magharibi Mkandaji alikuwa anatetemeka. Kila mara alihesabu vidole, kwa tumaini, na kila mara vilikuwa saba.

Zamu ya usiku Msusi aliilinda mwenyewe kwa kahawa na maji baridi ya usoni, na kwa maswali. Jumatano alfajiri, wote wawili macho mekundu, akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, yeye mwenyewe pia hakuwahi kujiuliza: huo wavu unatolewaje?

"Unafungua bolti nne," Mkandaji akajibu.

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono hazifunguki. Kuna spana yake, moja tu kiwandani."

"Inakaa wapi?"

Mkandaji akafungua mdomo, akakaa nao wazi. Inakaa kwenye kabati la vifaa. Kabati lina kufuli. Funguo anavaa Nyapara shingoni kwa kamba, miaka yote, hata akienda msalani anakwenda nazo. Ndotoni alikuwa amemwona na funguo zile mara mia, zikigonga kwenye chuma cha mashine anapovutwa, na hakuwahi kufikiri chochote. Ndotoni hakuhitaji ushahidi. Sasa akasimama, akaanza kutembea mwenyewe bila kusukumwa, ukuta hadi ukuta, na alipofika ukutani mara ya nne akaupiga kwa ule mkono mbovu akasahau kuwa ni mbovu, akapiga yowe. Damu ikamtoka. Msusi akamfunga kitambaa, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akamtambua.

Ofisi ya kazi ilikuwa na meza moja ndefu, Afisa wa Kazi, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea, na karani wa kike aliyeandika kwa mkono kila linalosemwa. Mwenye kiwanda hakuja. Alimtuma Nyapara na barua. Nyapara alivaa suti, funguo zimeingizwa ndani ya shati, kamba yake inaonekana kwenye shingo.

Akaeleza vizuri tu. Mfanyakazi alikuja amelewa, akaondoa wavu ili amalize kazi haraka akalale, yeye kama msimamizi alikuwa stoo hakujua lolote. Alisema kwa masikitiko, akamwita Mkandaji ndugu yangu mara tatu. Afisa akamgeukia Mkandaji, akamwambia ana haki ya kumuuliza maswali kama anayo.

Mkandaji alikuwa hajalala tangu Jumatatu adhuhuri. Macho yalimwasha, sakafu ilikuwa ikimwinamia kidogo, na hasira ilikuwa imemkaa kifuani imetulia, haitaki kumwagika. Akauliza wavu unafungwa na nini. Nyapara akasema bolti. Akauliza bolti zinafunguliwa na nini. Nyapara akasema spana. Akauliza spana hiyo inakaa wapi, na hapo Nyapara akasita, akasema kwenye vifaa huko.

"Vifaa viko kwenye kabati," Mkandaji akasema. "Kabati lina kufuli. Mwonyeshe mama afisa hicho ulichovaa shingoni."

Afisa akavua miwani, akamwambia Nyapara atoe. Zikatoka, funguo tano kwenye kamba chafu. Akauliza kama kuna mtu mwingine mwenye nakala. Nyapara akatazama dirisha, akatazama barua ya mwenye kiwanda iliyokuwa mezani, haina msaada wowote, akasema hakuna. Afisa akauliza wavu ulikaa nje siku ngapi kabla ya ajali. Karani akainua kalamu akasubiri.

Ndipo Nyapara akamgeukia Mkandaji, si Afisa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Ndotoni alikuwa akilia kwa sauti ya kujaza kiwanda, lakini hapa sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba njia.

"Ndugu yangu, ilikuwa amri ya juu. Kitaje kiwanda, watakulipa. Mimi usinitaje. Nina watoto wanne, mdogo hajaanza hata shule. Nakuomba."

Msusi, aliyekuwa kwenye benchi nyuma, akashika pumzi. Alimjua mumewe kabla ya mashine, mtu laini, mtu wa kusamehe hata aliyemkanyaga. Mkandaji alimtazama Nyapara kwa muda mrefu. Aliona kwamba huyu ni mtu wa kweli, ana watoto wa kweli, watakula hasara ya kweli. Aliona yote hayo waziwazi. Kisha akamgeukia karani.

"Andika, dada. Wavu aliuondoa yeye, Jumatatu, mbele yangu, ajali ikatokea Jumatatu iliyofuata. Nilimwambia ni hatari, akaniambia kama naogopa nikauze karanga. Andika na hilo la karanga."

Karani akaandika.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili, wakaitwa kwenda kuuchukua. Kiwanda kimlipe mlalamikaji fidia pamoja na gharama zote za matibabu, na faili la Nyapara lipelekwe polisi kwa kudanganya ofisi ya serikali na kusababisha mtu kuumia. Kazini alikuwa ameshafukuzwa. Mwenye kiwanda alimtupa siku ileile aliyosikia habari ya funguo, hakungoja hata jioni, na kati ya wale kumi na wanne, watu wanne wakajitokeza ghafla wakakumbuka kila kitu.

Walipotoka, getini mke wa Nyapara alikuwa anawangoja. Msusi alikuwa amewahi kumsuka mara mbili tatu. Alikuwa na mtoto mgongoni, macho makavu, amesimama katikati ya njia ili wasimpite. Hakuwatukana. Alimtazama Mkandaji usoni, akateremsha macho hadi kwenye ule mkono, akayapandisha tena.

"Umeridhika sasa?" akamuuliza.

Msusi akamshika kiwiko akidhani atasema lile neno la kupoza ambalo watu husema mbele za watu, kwamba sote tumeumia, kwamba tumwachie Mungu. Mtoto mgongoni akapiga chafya. Mkandaji alikuwa anawaza kweli, maana aliona ameulizwa swali la haki na mtu anayestahili jibu.

"Nimeridhika, shemeji," akasema. "Nilikuwa namtafuta mumeo kila siku nisiridhike. Leo nimeridhika."

Yule mama akangoja kama kuna neno jingine. Hapakuwa na jingine. Akajisogeza pembeni, wakapita. Msusi alitembea, mkoba wenye karatasi ya uamuzi ameubana kwapani, mpaka walipokata kona na geti halionekani tena. Hapo kicheko kikampata. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kujizuia tangu asubuhi, akajaribu kukiziba kwa kanga kikapenya, na Mkandaji naye kikampata, wakacheka hadi wakakaa ukingoni mwa barabara watu wakiwapita na kuwashangaa, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.